Mlango wa Mama si Shata la Duka

Duka la Pembejeo,
Mtaa wa Sokoni,
Ruangwa.
14 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Brighton,

Salamu kwanza, maana mama alitufundisha kusalimiana hata na mtu tuliyegombana naye. Hujambo? Mkeo Agatha hajambo? Watoto je, baridi ya huko Sumbawanga imewaachia vifua? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Simu zangu hupokei tangu wiki iliyopita, na ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nimempa barua Mwalimu Geofrey, anayerudi kwenye kituo chake cha kazi huko kwenu, na nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka akuone unaifungua.

Mama alitoka hospitali Alhamisi. Mfupa wa nyonga umepata ufa, na hatakiwi kuukanyagia mguu wa kushoto kwa wiki sita. Anakunywa uji, anasali rozari yake, na anauliza kama umepiga simu. Mara ya kwanza nilimdanganya. Mara ya pili nikachoka kudanganya.

Nianze na ulilolifanya vizuri, usije ukasema dada yako hana shukrani. Msimu wa korosho uliopita, wezi walioingia dukani kwangu hawakuligusa kufuli. Walifungua skrubu za lile tumbuu linaloshika kufuli, wakaliacha likining'inia vilevile limefungwa, wakabeba mifuko ya salfa ya mikorosho na mabomba mawili ya kupulizia. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba kufuli zito kwenye tumbuu la skrubu ni kilemba kichwani mwa mtu aliye uchi. Nikachomelea tumbuu kwenye bati la shata mlangoni, nikanunua makufuli mawili ya aina ile ambayo upinde wake umejificha, msumeno haupati pa kung'ata, na funguo nikakaa nazo mimi peke yangu. Mwezi wa tatu walirudi, wakakwaruza weee, wakaondoka mikono mitupu. Ulikuwa sahihi kabisa, na nadhani sifa nilizokumwagia siku ile ndizo zilizokuvimbisha kichwa.

Maana ulipokuja likizo ya Pasaka uliutazama mlango wa mama pale Mnero kana kwamba mama anauza salfa. Mlango ule ulikuwa na komeo la mbao alilolichonga marehemu baba, na kila jirani alijua kuliinua kwa kupitisha kijiti kwenye upenyo. Ukacheka mbele ya watu, ukasema hii si nyumba, ni zizi. Ukaweka mlango wa mninga, nondo kila dirisha, na kitasa cha kujifunga chenyewe, kile cha maofisini, ambacho kwa nje hakina mkono, kina tundu la ufunguo tu. Kilikuja na funguo tatu. Mmoja ukamvisha mama shingoni pamoja na rozari. Mbili ukaondoka nazo, zaidi ya kilomita elfu moja.

Nilikuomba mmoja nikae nao. Nilikuomba na mwingine apewe Zulekha, mke wa Kasmiri, kwa kuwa kati ya nyumba yao na ya mama kuna mstari wa mihogo tu. Ukanijibu kikulacho ki nguoni mwako. Brighton, ulimsema hivyo mwanamke aliyekuwa akimfulia mama nguo wakati wa matanga ya baba, wewe ukiwa umekaa na wakubwa wenzako kwenye viti vya kukodi. Lile neno sijalimeza mpaka leo.

Desturi ya kule unaijua, au uliwahi kuijua. Asubuhi, kabla ya kushika jembe, unapita kwa mzee wa jirani unamwamkia. Asipotoka, unaingia kumtazama. Ndivyo Zulekha alivyomkuta mama na homa kali mwaka juzi, akamkimbiza hospitali. Wewe uliona mlango unaofungulika na kila mtu, ukadhani ni uzembe.

Jumanne ya tarehe mosi, saa moja asubuhi, Zulekha aliamkia. Mama aliitikia kutoka chini. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na kabati, mguu umekataa, na ufunguo uko shingoni mwake, ndani ya nyumba iliyojifunga. Zulekha akaanza kulia hukohuko nje. "Mama Letisia, jivute basi, hata kidogo kidogo, ufike mlangoni!" Mama akamjibu, "Mwanangu, hata kugeuka siwezi."

Kasmiri akanipigia mimi. Mimi nipo Ruangwa, ufunguo sina. Nikakupigia wewe, ukataka kuongea nao mwenyewe. Kasmiri aliweka simu sauti ya juu ili wote waliokusanyika wasikie, na mama naye alisikia. Ulisema mlango ule ni wa mninga, asiuguse mtu, wasubiri fundi wa vitasa atoke Nachingwea mjini. Kasmiri akakwambia mama analia. Ukasema basi avumilie kidogo.

Nimeandika maneno yako kama yalivyo ili uyasome kwa macho yako. Avumilie kidogo! Mama aliyekubeba mgongoni kutoka shambani mpaka zahanati ulipougua degedege!

Kasmiri alikujibu vizuri kuliko ulivyostahili. "Bosi, mlango tutachonga mwingine," akasema, akakata simu, akaenda kuchukua nyundo na mtaimbo. Dakika kumi baadaye mama alikuwa juu ya godoro, anapelekwa hospitali.

Nilidhani yameishia hapo, lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku mbili baadaye, mama yungali wodini, wewe ulimpigia mtendaji wa kijiji ukamshitaki Kasmiri kwa kuvunja nyumba. Kumpigia mama ulikosa muda, mtendaji ukampata! Kasmiri akaandikiwa kufika mbele ya baraza juzi Jumamosi. Zulekha akaacha kupita kwetu, si kwa chuki, kwa woga. Sikulala vizuri wiki nzima. Kama Kasmiri angepatikana na kosa, nani tena pale Mnero angethubutu kugusa mlango wa mama? Angeanguka tena, wakasimama nje wakimsikiliza akifa, kwa kuogopa mninga wako.

Jumamosi mama alikataa kubaki nyumbani. Watu wa jumuiya ya kanisani walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka ofisini kwa mtendaji, akangoja zamu yake kama wengine. "Mtendaji," akasema, "nyumba ni yangu. Mimi ndiye niliyesema vunjeni. Kama mshitakiwa anatafutwa, niandike mimi." Mtendaji alifunga daftari. Mjomba Wenceslaus alikuwepo, naye ndiye aliyeshika mguu mmoja wa kiti wakati wa kumrudisha mama nyumbani.

Sasa kuhusu mlango wako, maana najua unaumwa nao kuliko nyonga ya mama. Upo. Umechubuka pembeni, na Kasmiri ameirudishia fremu yake. Kitasa ndicho nilichokiondoa. Nimenunua Nachingwea cha kawaida cha mkono, kinachofunguka ndani bila ufunguo, na hakijifungi chenyewe upepo ukiusukuma mlango. Muuzaji alinionyesha kwamba vingine ukisahau ufunguo kwenye tundu la ndani, wa nje hauingii. Nikachagua ambacho unaingia hata hivyo. Kwenye shata langu nataka mtu ashindwe kuingia. Kwa mama nataka wezi washindwe na Zulekha aweze. Hukuliona hilo kwa sababu kwako Zulekha na mwizi ni mtu mmoja.

Ninalolitaka kwako ni moja. Mpigie Kasmiri, yeye mwenyewe, si mtendaji, umwombe radhi. Usinitume mimi.

Nisalimie Agatha, mwambie vitenge vyake nimevipata na nashukuru, yeye sina neno naye. Wabusu watoto. Mjomba Wenceslaus anakusalimu kwa ufupi. Makrina, mdogo wetu, amesema yeye hana salamu kwa sasa.

Funguo za kitasa kipya zilikuja tatu. Mmoja anao mama, mmoja Zulekha, mmoja mimi. Jana nilimuuliza mama kama nikuchongeshee wa nne. Alimaliza kwanza punje ya rozari aliyokuwa ameishika. Kisha akasema, "Hapana. Brighton akija apige hodi. Nikiwa hai nitamwitikia."

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akulainishe moyo mapema.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako,
Letisia.