Neno la Ukurasa wa Kwanza

Shangazi mpenzi,

Huku tunaendelea hivyo hivyo. Mama kikohozi kimemwacha, na ile cherehani uliyotuachia bado inashona, ila inapiga kelele.

Mimi nimesimamishwa shule, kisa ni gazeti letu la wanafunzi. Mwalimu wa nidhamu alimwita rafiki yangu malaya mbele ya darasa zima, eti sketi imembana. Rafiki yangu akaniambia, "Andika vilevile alivyosema, usifiche hata herufi moja." Nikaandika. Sasa mkuu wa shule anasema nimechapisha matusi, na magazeti yote yamechomwa nyuma ya jiko la shule. Aliyetukana anaendelea kufundisha kama kawaida. Mwenye mdomo mchafu ni mimi.

Jumatatu natakiwa nirudi na mzazi, nisome mbele ya shule nzima kwamba neno lile nililitunga mwenyewe. Nikikataa, nafukuzwa. Nikikubali, rafiki yangu atakuwa amesimama pale mstarini ananisikiliza.

Shangazi, nakuomba sana, njoo wewe. Kaka yako unamjua. Ameshapiga pasi shati, na ataomba msamaha kabla hajakaribishwa kiti.

Mimi,
Chiriku wako