Ngoma ya Kumtoa Najma

Mkange, 6 Februari 2025

Mwanangu Hajra,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila presha yangu imepanda, na sababu ni wewe. Naandika kwa simu ya mdogo wako Najma. Bi Mwaija, mkuu wetu sisi makungwi, ameiona video yako ukiicheza ngoma ya mwali jukwaani huko Ureno, wanaume wamekaa wanatazama. Amesema hakuna kungwi atakayeleta ngoma ya msondo nyumbani kwangu kumcheza Najma mpaka video ife. Mdogo wako yuko ndani tangu Desemba. Ramadhani ikiingia ngoma zinalala, na ndoa yake ni baada tu ya Idi. Mwali hatoki bila kuchezwa. Ifute, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha.

Mama yako

Lisboni, 7 Februari

Shikamoo mama,

Dawa unameza? Nimeshaifuta. Wallahi sikuimba hata neno moja. Nilidhani siri iko kwenye nyimbo, miguu ni miguu tu. Mwenzangu mmoja Mbrazili alipoiona alilia. Alisema mapigo yale bibi yake alikuwa akiyapiga mezani kwa viganja, na hakujua yalitoka wapi. Akayatia ndani ya samba, Muangola wa kundi letu la ngoma akaongeza ya kwao, wakarekodi na kuitia mtandaoni. Nilijiona nimefika kwa ndugu. Niombee radhi kwa Bi Mwaija.

Mwanao Hajra

Mkange, 19 Februari

Marahaba mwanangu,

Dawa nameza, usingizi ndio sina. Bi Mwaija nimempigia magoti, mimi niliyemzidi umri, akaanza kulegea. Jumapili akaenda arusini Bagamoyo mjini, pale Dunda, akakuta vijana wa bodaboda wanaicheza ngoma hiyo barabarani. Akawauliza wameitoa wapi. Wakamjibu, "Hii ya Brazili, bibi." Tangu arudi hasemi na mimi. Waambie rafiki zako nao wafute.

Mama yako

Lisboni, 20 Februari

Shikamoo mama,

Wamefuta. Lakini walioiiga hata siwajui, wengine wako Kuba, wengine Ufaransa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nije nikae mbele ya makungwi, wanifanye wanavyotaka? Nijibu, mama.

Mwanao Hajra

Lisboni, 25 Februari

Mama, mbona kimya?

Hajra

Mkange, 1 Machi

Hajra,

Marahaba. Usije. Mwezi umeandama, kesho tunafunga.

Juzi nilipika wali wa watu thelathini, nikatandika mikeka. Hakuja kungwi hata mmoja. Alasiri Najma akaniita chumbani, akasema, "Mama, nicheze wewe." Mama hamchezi mwanawe, unajua, na msondo sina. Akatafuta kwenye simu, akapata video moja iliyobaki, ya hao watu wa Kuba.

Nikafunga mlango, nikamcheza mwanangu kwa hiyo. Mpaka katikati ni yetu kabisa, halafu wametia mapigo matatu nisiyoyajua. Mara ya kwanza nilijikwaa. Mara ya pili nikayafuata. Najma analia, nami nalia.

Usiniulize kama mdogo wako ametoka au bado yuko ndani. Mimi kungwi wa miaka thelathini, nami sijui.

Mama yako