Robi Aliyenishinda Hesabu

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Mwita aliniambia kwenye simu kwamba yule ng'ombe mwekundu alikukanyaga, nawe ukakataa kwenda zahanati mpaka mama alipokasirika. Tafadhali msikilize mama.

Mimi ni mzima. Baridi imepungua na masomo yanakwenda vizuri. Chakula nimekizoea, ingawa mahindi ya huku yana sukari, wewe ungeyatema.

Unajua nafanya kazi saa chache kwenye ofisi ya udahili, ile inayochagua wanafunzi. Mwezi uliopita walikuja wazazi na watoto wao kukitazama chuo. Mkuu wa ofisi, mama anayeitwa Helen, akatuketisha mbele ya ukumbi sisi watano tuliotoka nje ya Marekani. Akasema kwa fahari kwamba chuo hiki ni cha watoto wa dunia nzima. Si uongo, Tata. Mimi hula meza moja na Mkorea, Mbrazili na Mhindi, na tunacheka mpaka tunafukuzwa.

Ndipo baba mmoja akanyoosha mkono. "Huko kwenu mlisoma shule za namna gani?"

Wenzangu wote walitoka shule za kimataifa, zile za ada kubwa. Kijana wa Nairobi na msichana wa Korea wakagundua palepale kwamba walisoma shule moja, tena Uswisi! Zamu yangu ilipofika nikasema, "Shule ya kata, Nyamwaga. Dawati moja watu watatu." Watu wakapiga makofi.

Makofi yale yaliniudhi. Nikasema, "Msinipigie mimi. Robi, niliyekaa naye dawati moja, alinishinda hesabu kila muhula. Mwalimu wetu wa fizikia alitaka kutupeleka wote wawili Tarime mjini tukajaze fomu kwenye kompyuta. Siku hiyo Robi alikuwa anamuuguza mama yake, mwalimu akanipeleka peke yangu. Leo anapikia wachimbaji wa dhahabu Genkuru. Nchi mmekusanya nyingi, lakini watoto wanatoka nyumba za aina moja."

Kikao kilipoisha, nilirudi chumbani. Nilijiona nimewaaibisha watu wanaonisomesha, nikakukumbuka ulivyobishana na ndugu zako waliotaka niolewe kwanza.

Jumatatu Helen akaniita. Niliingia na maneno ya kuomba radhi mdomoni, hakuyangoja. Mezani alikuwa na fomu ya maombi.

"Kaa," akasema. "Nionyeshe mahali ambapo Robi angekwama."

Tukaipitia mstari kwa mstari. Tukafika kwenye swali la vilabu, mashindano na safari. "Hapa," nikamwambia. "Hata mimi nilipaacha wazi, mpaka Mwalimu Magesa, yule wa fizikia, akaniuliza, kwani kukamua ng'ombe wanne kabla ya kwenda shule si kazi?"

Helen alicheka, kisha akaishika kalamu bila kuandika. "Chuo kizima siwezi kukibadilisha," akasema. "Lakini swali hili nililiandika mimi."

Tata, amelibadilisha! Sasa linauliza pia kazi za nyumbani na kuuguza wagonjwa. Na asiye na kompyuta anaruhusiwa kujaza kwa kalamu na kutuma kwa posta. Nikauliza kama Robi amechelewa. Akasema umri si kizuizi, ila hawezi kuahidi nafasi, maana waombaji ni wengi na wanaopata ni wachache. Jibu hilo lilinitosha.

Karatasi iliyomo kwenye bahasha hii ndiyo fomu ya Robi. Nakuomba uipeleke mwenyewe Genkuru, mguu ukiruhusu. Nilimpigia simu, akasema, "Bhoke, mikono yangu imeshazoea sufuria." Nikamjibu kwamba hesabu hazikai mikononi. Alicheka, lakini hakukubali. Anakuheshimu sana, huenda wewe atakusikia. Mwalimu Magesa amekubali kumwandikia barua.

Msalimie mama, na bibi mwambie sijakonda. Msalimie mama yake Robi, jirani yetu, nafurahi amepona. Shangazi naye akiuliza kama nimepata mchumba, mwambie nimepata mtihani Ijumaa.

Robi akiikataa fomu, Tata, usirudi nayo nyumbani. Iache mezani pake.

Mimi binti yako nikupendaye,
Bhoke