Paa la Nyumba ya Baba na Kiapo Nilichokula

Kilwa Kivinje,
17 Mfunguo Tatu, 1323

Mpendwa kaka yangu Yunusu,

Shikamoo, na salamu za amani zikufikie huko Unguja. U hali gani, na wifi yangu Ziada hajambo? Na kile kifua kinachokusumbua wakati wa mvua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, ila masikio yanazidi kuwa mazito. Mume wangu Mfaume vita hivi vya Maji Maji na Wajerumani vimemzuia Lindi, lakini nimeletewa habari kuwa ni mzima.

Kaka, yaliyotupata hapa mpaka sasa sijayaamini.

Nyumba ya marehemu baba ilianza kuvuja tangu mvua za kwanza. Nilizunguka mji mzima kutafuta fundi wa kuezeka. Wengi wamekimbia, waliobaki wamechukuliwa kufanya kazi bomani. Mmoja alikuja, akatazama juu akiwa amesimama mlangoni, akasema tupachike makuti mapya juu ya yale ya zamani, basi. Hata ngazi hakuomba.

Siku ya pili yake akapiga hodi mtu mwembamba, mkononi panga, begani mzigo wa kamba, akauliza kama tuna kazi. Jina lake Likwata, Mmatumbi wa upande wa Kipatimu. Nikamwuliza nitajuaje kama ni fundi kweli. Alipanda, akawa anagonga miti kwa mpini wa panga huku ametega sikio. Alipofika kwenye mwamba, ule mti mkubwa wa juu unaobeba paa zima, aligonga mara moja tu, akashuka mbio.

"Bibi, mchwa wamekula ndani, limebaki ganda. Mtoe mama yako sasa hivi."

Nilidhani ananitisha ili apate kazi kubwa. Mama naye akagoma kutoka kitandani. "Paa hili kaliezeka mume wangu. Mwambie huyo aende zake!"

Kaka, yule mtu aliingia chumbani, akamnyanyua mama kama mtoto, akatoka naye! Mwanamume wa kando, kumshika mama yetu! Nilipiga kelele, nikamvuta kwa shuka yake. Hatujafika baraza ya jirani nikasikia mlio, na paa lote likashuka. Vumbi lilipotulia nilikiona kitanda cha mama kimekatika vipande viwili chini ya mwamba. Na mimi bado nilikuwa nimeishika shuka yake.

Tukahamia kwa jirani, Likwata akaanza kazi. Miti ya mikoko aliichagua mwenyewe, na kila mmoja aliukata ncha akanionyesha moyo wake kabla hajaufunga. Siku moja akipanda ngazi niliona jeraha mguuni, tundu dogo la mviringo, halijafunga vizuri. Nilijua ni risasi. Sikumwuliza.

Ijumaa wakaja askari, wakamshusha huku kipaa kimoja, upande wa nyuma wa paa, bado ki wazi. Mtu wa mtaa huu huu ndiye aliyepeleka maneno kuwa nimemficha mpiganaji. Nikajitanda leso, nikaenda kwa akida, hakimu wa Wajerumani hapa mjini. Nilimkuta Likwata ameketi mchangani na wenzake wanne, wote wamefungwa shingo kwa mnyororo mmoja.

"Mtu huyu yuko kwako tangu lini?" akida akaniuliza.

"Tangu Mfunguo Saba, kabla ya vita."

"Na mguu?"

"Aliumia siku paa lilipoanguka."

Akaagiza msahafu. "Haya, shika uape."

Nikashika, nikaapa. Kaka, mtu yule kaja kwangu Mfunguo Pili, mwezi uliopita tu, vita vimeshapamba moto! Nilishangaa kuisikia sauti yangu, wala haikutetemeka.

Wakamfungua. Wale wanne walinyongwa kesho yake. Hata majina yao siyajui.

Likwata alirudi, akapanda, akamaliza kipaa kilichobaki. Siku ya kuondoka alimuaga mama, kisha akaniambia, "Bibi, kwetu hakuna aliyebaki wa kuniapia." Akaenda zake. Sikutazama kashika njia gani, ili nikiulizwa nisijue.

Juzi mvua kubwa ilinyesha, halikudondoka hata tone. Mama alilala fofofo. Mimi nimefunga siku tatu za kafara, na moyo haujatua. Wewe uko karibu na masheikh, niulizie, jina langu usilitaje. Wanasema toba ni kujuta na kuazimia kutorudia. Kujuta najuta, wallahi. Lakini wakinishikisha msahafu ule kesho, nitaapa vile vile. Toba ya mtu kama mimi inapokelewa?

Mama anakusalimu sana, anataka umletee tambuu. Jirani yetu Bi Kijakazi, aliyetuhifadhi, naye anakusalimu. Nisalimie wifi na watoto wote. Jibu mpe mtu unayemwamini, na barua hii ukishaisoma ichome.

Mola akusitiri wewe na nyumba yako, na akuondolee kila lenye kukudhuru.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Samia binti Huseni