Dirisha Lisilogongwa

Bombambili, Songea
4 Februari 2024

Mwanangu Valence,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na vumbi la huko machimboni? Mimi mzima, na safari hii sisemi hivyo kukutuliza tu. Muuguzi alinipima presha akaniuliza kama nimebadilisha dawa. Nikamwambia nimebadilisha miguu.

Kila alfajiri natembea na wanawake wa mtaani. Suzana wa nyumba ya pili ndiye anayetangulia na fimbo yake, anagonga dirisha la kila mmoja. Ukiitika "Naja!" wanakusubiri. Usipoitika wanaingia, maana wengi wetu tunalala peke yetu. Juzi walimvunjia Biasha mlango wakidhani amekufa, kumbe anakoroma! Tulicheka mpaka sokoni. Vijana wa bodaboda wanatuita Jeshi la Presha. Na waite. Tangu baba yako afariki sijawahi kuingoja asubuhi namna hii.

Mama yako,
Aurelia


Tunduru
25 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Mimi sijambo. Simu huku bado haishiki, barua nampa kondakta kama kawaida.

Mama, umenivua nguo. Hironimus, yule mnunuzi wa vito wa hapo mtaani kwetu, amekuja kununua mawe, akasema mbele ya wenzangu: "Nimemwona mama yako barabarani jua halijatoka, kavaa raba na kitenge, kama mke aliyefukuzwa." Wote wakacheka. Mimi nauza vito, mama yangu anapiga mguu mjini kama hana mtoto! Ulitembea ya kutosha na magunia ya mahindi kichwani ili mimi nisome. Niliapa hutatembea tena.

Nimeshaongea na Polikarp, yule wa pikipiki hapo kona. Atakupeleka kanisani, sokoni, popote. Na Hironimus nimemwagiza awaambie hao wenzako wasikupitie tena. Pumzika, mama. Sasa ni zamu yangu.

Mwanao,
Valence


Bombambili
17 Machi 2024

Mwanangu Valence,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Salamu zako zimefika, na za Hironimus zilizitangulia. Suzana ndiye aliyeniletea. Hakukaa, hata chai hakunywa. "Mama Valence, tumeambiwa tusikusumbue. Mwanao ana uwezo." Nikamwambia nitatoka mwenyewe. Akasema, "Ukianguka njiani, mwanao tutamjibu nini?"

Polikarp ni mtu mwema, sina ubaya naye. Lakini Jumapili iliyopita alinipitisha katikati yao kwa honi, wakakaa pembeni kunipisha. Kunipisha mimi! Biasha, rika langu, tuliyekuwa tunatukanana kwa utani, akaniamkia shikamoo. Nilitamani pikipiki inimwage.

Nakuomba, mwanangu. Waandikie kwa mkono wako kwamba ulikosea. Neno lako ndilo lililowafunga, langu halitoshi kuwafungua. Nasubiri.

Mama yako,
Aurelia


Tunduru
20 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, mawe yalikuwa yanatoka. Nawe umenyamaza, nadhani umezoea kupumzika.

Nina habari utakayoicheka. Kichwa kilinisumbua, nikaenda kupimwa: presha! Daktari anataka nitembee kila siku, tena nitafute wenzangu, maana peke yangu nitaacha. Nimejaribu. Napita kwenye mikorosho kama mwizi, watu wananiuliza pikipiki imeharibika wapi. Ni upweke, mama. Sasa nimekuelewa. Mwambie Suzana nimeyafuta maneno yangu, akugongee. Nawe nieleze, ninyi mlianzaje?

Mwanao,
Valence


Bombambili
8 Septemba 2024

Valence,

Tumsifu Yesu Kristu. Pole na presha. Anayeandika ni Suzana, kwa kuwa mkono wangu wa kulia umekataa. Maneno ni yangu, ingawa mdomo nao unayatoa kwa shida.

Ilikuwa mwezi wa saba, alfajiri. Niliposhuka kitandani mguu ukanikana, nikaanguka chini ya dirisha. Nikaita, sauti haikutoka. Mara nikawasikia wanakuja. Fimbo ikagonga kwa jirani, "Naja!" Nikasema moyoni, haya, sasa kwangu. Wakafika ukutani kabisa. Nikamsikia Biasha akiwaambia washushe sauti, mama wa watu amelala. Wakapita.

Polikarp alinikuta jua likiwa utosini. Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba nimecheleweshwa mno. Alikupigia simu, haikushika. Suzana na wenzake wakataka kumtuma kondakta kwako nikawakataza, kwani ombi langu la Machi lilikuwa bado halijajibiwa.

Suzana analia hapa, anataka kuandika kwamba kosa ni lake. Nimemkatalia. Yeye alimtii mwenye uwezo.

Unauliza tulianzaje. Tulianza kwa kugongeana. Tafuta mtu wa kukugongea, mwanangu, na asije mtu akamkataza. Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi, aibu yako imekwisha. Ulitaka nisitembee. Sitembei.

Mama yako