Spika Zisizo na Besi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na ule mgongo wako umekuachia. Huku tu wazima, ingawa Mama alikuwa hali chakula vizuri, na sababu yake nimeijua juzi tu. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema ukikuta spika za Baba zimeondolewa sebuleni nisikuite kaka tena, kisha ukakata. Barua haikatiki, basi nisome hadi mwisho.

Zimeondolewa. Zile ndefu mbili pamoja na amplifaya yake nzito ziko stoo, zimefunikwa shuka. Si mimi niliyetaka. Mama aliamka Jumamosi akasema anataka kitu kidogo cha kusikilizia, na tusiulizane maswali. Nilipomwambia kwamba wewe utawaka, alijibu uwake tu, yeye ndiye anayeishi navyo vile vidude.

Dukani nilitamani ardhi ipasuke. Mama alinibebesha deki yetu, na mkobani aliweka kaseti ya marehemu Baba, ile aliyokurekodia ulipokuwa chuoni. Muuzaji, mtu wa maneno matamu, alituwashia spika moja baada ya nyingine akisifia besi, ile sauti nzito ya chini, akiapa kwamba jirani yetu ataomba kuhama. Mama anafumba macho, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa. Zile nzuri ndizo alizozikataa upesi zaidi. Mwishowe aliuliza kama hawana zisizo na besi kabisa. Muuzaji alinitazama mimi, kana kwamba anauliza huyu mama yako ni mzima. Akaleta vispika vya kuweka mezani na amplifaya nyepesi kama sahani, akakiri mwenyewe kwamba sauti yake ni ya mtu aliyebanwa pua. Mama aliisikiliza kaseti upande mzima, akasema hizi ndizo.

Nilikuwa nimeshakasirika. Tulipofika nyumbani nilimwambia wazi kwamba anaitupa kazi ya mikono yako. Hapo ndipo alipolia.

Unakumbuka likizo iliyopita ulivyozifungua zile spika, ukabadilisha vipande vya ndani vilivyochanika, ukasema sasa Baba atasikika kama yuko kitini pake. Ulisema kweli. Miaka yote tumeisikiliza kaseti ile tukicheka. Baba anakutania kuhusu mwandiko wako, ananyamaza kidogo, anaendelea. Tulidhani anatupa nafasi ya kucheka, tukaijaza kwa kicheko. Ulipoondoka, Mama aliiweka akiwa peke yake, na katika ule ukimya akasikia kifua. Mngurumo mzito, wa chini kabisa, ambao spika zilizochakaa hazikuwahi kuutoa. Baba alikuwa anatafuta pumzi, kaka. Na wakati huo alikuwa bado hajamwambia mtu kwamba anaumwa. Mama anasema kifua kile alilala nacho ubavuni usiku baada ya usiku, naye akawa anamgombeza kwa kukoroma.

Vispika vipya havina nguvu ya kuufikisha mngurumo ule. Jana aliweka kaseti, akacheka pale pale tunapocheka siku zote, kisha akala akamaliza. Nilisimama jikoni nikamshukuru Mungu kwa spika mbovu.

Kwa hiyo nakuomba, usije na gari wala watu wa kuzirudisha sebuleni. Njoo uketi naye, na usiguse kitufe chochote.

Kuna jambo la mwisho. Ameniuliza kama siku ile ulipozijaribu nawe ulisikia. Nakumbuka vizuri kwamba uliizima kaseti katikati, ukasema umechoka, ukatoka kukaa nje mpaka chakula kikapoa. Nilimjibu kwamba ulikuwa umeshughulika na nyaya. Akikuuliza, kaka, ulikuwa umeshughulika na nyaya.

Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto wabusu kila mmoja kwa zamu wasije wakagombana. Mama anakusalimu sana, ila anasema hajakusamehe kwa kunikatia simu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba