Kidude cha Njia Kilichompeleka Bibi Harusi Ziwani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Brezovac, Jumatatu tarehe 14 Septemba 2009, asubuhi.

Jina: Ljubivoje Stanojčić. Umri: miaka 73. Kazi: mkulima, kwenye harusi za watu, mtani. Makazi: kijiji cha Batoševac. Elimu: darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilifukuzwa.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nasema haya mbele ya Sajini Tihomir Grbić, ambaye ameniomba nisilete utani. Nimemwahidi nitajaribu.

Nimekuja kwa ajili ya Obrad Pešterac, kaka wa bibi harusi, mliyemfungia humu ndani tangu juzi. Anashtakiwa kumvunja pua Srećko Vukojev, mjomba wa bwana harusi, anayeishi Vienna. Obrad bado yuko kwenye kifungo cha nje kwa sababu ya ngumi za mwaka juzi. Akipatikana na kosa hili, anaingia jela kweli. Mimi nilikuwapo. Obrad hakuigusa pua hiyo.

Mnamo Jumamosi tarehe 12, majira ya saa tano asubuhi, tuliondoka Batoševac na msafara wa magari kwenda Jasenov Do kumchukua bibi harusi, Vidosava. Tulipita barabara ya lami, ile ya darajani. Gari la mbele lilikuwa la Srećko, kwa kuwa ni kubwa na jipya, na mwenyewe hakumwacha mtu asahau. Bendera ya harusi ilifungwa dirishani kwake. Mtani hukaa gari la bendera, kwa hiyo nilikaa humo, nyuma, na mkufu wa pilipili shingoni.

Kazi ya mtani mnaijua: kusema uongo tangu asubuhi mpaka bibi harusi aingie kwa mumewe. Nilishamwambia Srećko kwamba padri ametoroka na mpiga tarumbeta. Nikamwambia gari lake linatoa moshi nyuma. Hilo la moshi aliliamini, akasimama, akashuka na koti lake la Vienna kuchungulia chini ya gari. Msafara mzima ulicheka. Yeye hakucheka, na tangu hapo akawa ananitazama kama mtu anayetazama kinyesi kwenye zulia.

Kwenye kioo cha mbele alikuwa amebandika kidude cha GPS. Kinaonyesha ramani, kinapiga muziki, kinaonyesha video, kinapokea simu, na ndani yake mna picha za wanawe wakiteleza kwenye theluji. Zote nimeonyeshwa, hata za mbwa. Kinaongea kwa sauti ya mwanamke.

"Huyu ndiye anayejua njia, mzee," akaniambia. "Wewe jua kunywa."

Nikamwambia, "Mwanangu, mwanamke anayejua ulipo saa zote, mimi nilimkimbia zamani."

Mkewe Zorka, aliyekaa mbele, naye hakucheka. Familia nzito hiyo.

Majira ya saa nane mchana Obrad alimleta dada yake garini akamkalisha pembeni yangu. Sasa, harusi hairudi kwa njia iliyojia. Hilo hata mlevi analijua. Ukirudi njia ileile, bahati ya ndoa inabaki imelala barabarani. Sisi siku zote hurudi kwa kupanda mlima Glavica, njia ya mawe. Srećko akasema, "Nilipitishe gari hili kwenye mawe ya mbuzi? Sahauni." Akabonyeza kidude. Ukatokea mstari mnyoofu kupitia bondeni.

"Ona hii! Nusu ya safari. Kijiji kizima hamjui njia ya kwenu wenyewe."

Tunaijua. Ni barabara ya zamani, iliyozama walipojenga bwawa, mimi bado nina meno. Ramani ya kidude aliwekewa bure na rafiki yake huko Vienna, na hiyo ya bure ilichorwa kabla ya bwawa.

Nikamwambia, "Srećko, hiyo inaingia ziwani."

Akanitazama kwenye kioo. "Enhe. Na padri ametoroka na nani vile?"

Zorka akacheka hapo, mara ya kwanza siku nzima.

Vidosava akasema, "Mjomba, ni kweli. Nimezaliwa hapa. Mbele kuna ziwa."

"Bibi harusi," Srećko akamjibu, "leo kazi yako ni kunyamaza na kupendeza. Hiki kinatazama kutoka juu kwa setilaiti. Wewe umetazama kutoka dirisha la jiko la mama yako."

 Nilimwona Vidosava anavua glavu, kidole kimoja kimoja.

Nyuma yetu kila dereva alijua tunakokwenda. Lakini bendera ya harusi haipitwi. Anayeipita amevunja ndoa ya watu, na hakuna aliyetaka dhambi hiyo. Wakapiga honi. Sasa niambieni, harusi gani haipigi honi? Srećko akashusha kioo, akawapungia mkono, akapiga honi na yeye. Obrad alikuwa gari la pili. Alitoa nusu ya mwili dirishani, anapunga koti, anapiga kelele hadi mishipa ya shingo imemtoka.

Srećko akasema, "Muone kaka mtu anavyofurahi."

Ratomir, bwana harusi, alikuwa gari la tatu. Alipiga simu. Uso wake ukatokea kwenye kidude, na video ya wimbo waliyokuwa wanaitazama humo ikakatika. Zorka akaikata simu, maana mwimbaji alikuwa amefika pale anapopapenda. Srećko naye alikuwa anamtazama huyo mwimbaji. Nguo yake ilikuwa fupi. Kwa hilo simlaumu, ila usukani ulikuwa mikononi mwake, si mwangu.

Baada ya kona yenye miiba, lami inateremka moja kwa moja hadi majini. Tukaingia na bendera yetu. Gari likazama mbele, likatulia. Kidude kikaendelea kuimba, kisha yule mwanamke wake akatuambia twende mbele kilomita sita.

Hapa namwomba Sajini aandike polepole na asifupishe.

Milango ya nyuma ilikuwa na kufuli ya kuzuia watoto. Kwa ndani haifunguki. Na vioo havikushuka. Srećko alitoka, akamtoa Zorka. Maji yalimfika Vidosava tumboni na gauni likavimba likamkandamiza kwenye kiti. Aligonga kioo kwa viganja, akaita, "Mjomba, fungua! Mjomba!" Srećko akarudi. Akaingiza mkono kwa mbele, nikadhani anatafuta kitasa chetu. Akabandua kidude. Akachomoa na waya wake. Akakiinua juu ya kichwa, akatembea nacho hadi nchi kavu, akatuacha.

Maji yalikuwa yananifika kifuani. Hapo sina utani. 

Obrad aliruka na suti yake. Aling'oa bendera na mti wake, akavunja kioo upande wa dada yake, akamtoa, kisha akanivuta mimi kwa kwapa kama mwanakondoo. Kioo kakivunja yeye, hilo ni kweli, liandikwe. Kisingevunjika kioo hicho, Sajini angekuwa anaandika habari za maiti wawili.

Tulipofika kando, Srećko alikuwa anakipangusa kidude kwa tai yake.

"Kioo changu!" akapiga kelele. "Washenzi nyie! Mnajua mmevunja nini? Ndiyo maana watu tuliwakimbia!"

Obrad akamwambia, "Nitakuua." Hilo nalo ni kweli. Lakini wanaume watano walikuwa wamemshika mikono, na mikono iliyoshikwa haivunji pua.

Akaja Vidosava, peku, nywele zimemwagika.  Alinyoosha mkono kama anayeomba aone kitu. Srećko, nadhani kwa mazoea ya kuonyesha watu, akampa. Vidosava akakipima uzito kidogo. Kisha akampiga nacho katikati ya uso, mara moja. Nilisikia mfupa. Kidude kikanyamaza, akaanza kelele mwenyewe.

Mama wa Ratomir, dada yake Srećko, akatugeukia sote. "Hakuna aliyeona kitu. Mmesikia? Mkwe wangu hajampiga kaka yangu siku ya harusi yake." Mwanamke aliyempiga mjomba wa mumewe, katika nyumba ile, atakula chakula chake akiwa amesimama mpaka azeeke. Obrad alilielewa hilo kabla yetu. Polisi walipofika akanyoosha mikono, akasema, "Mimi." Srećko akaitikia haraka: ndiyo, huyo huyo, Obrad. Kuvunjwa pua na Obrad si aibu. Kuvunjwa na bibi harusi, Vienna nzima itacheka. Vijiji viwili tukatazama viatu vyetu.

Mimi nimetazama viatu siku mbili, vimenichosha. Srećko Vukojev ametia sahihi yake kwamba ni Obrad. Nasema mbele ya serikali kwamba ni mwongo. Mimi nilidanganya mchana kutwa kwa sababu nimetumwa na harusi. Yeye nani kamtuma? Alituacha ndani ya maji akaokoa video zake, na sasa anataka aliyetutoa aende jela.

Sajini ameniuliza, "Mzee Ljubivoje, na hili si utani wako?"

Nimemjibu, "Harusi iliisha juzi, mwanangu."

Niliyoyaona nimeyamaliza, nisiyoyaona sitayabuni. Nimesomewa yote na nimeyakubali.

(Sahihi) Lj. Stanojčić

KUMBUKUMBU YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe. Shahidi amekataa kuondoka, amekaa kwenye benchi la korido akisema anamsubiri Obrad. Kabla ya adhuhuri Vidosava amefika kituoni na kukiri kwamba ndiye aliyempiga mlalamikaji. Dakika chache baadaye amefika mumewe, Ratomir, na kudai kwamba ni yeye. Obrad, alipotolewa mahabusu na kuonyeshwa hao wawili, ameshikilia kwamba ni yeye na akamfokea dada yake arudi nyumbani. Nimempigia simu mlalamikaji, nikamweleza kwamba nina watu watatu wanaogombea pua moja, na kwamba lazima aje atamke mbele yao, kwa jina, ni nani aliyempiga.  Mlalamikaji amesema pua haimuumi tena, na shauri lifutwe.

Obrad Pešterac ameachiwa leo mchana.

(Sahihi) Sajini T. Grbić